Nyumba ya Dada Iliyopanda Uru kwa Matairi Yake

Mwenye kiwanja kule Soweto, Moshi mjini, alimpa dada yangu mwezi mmoja aondoke. Hakumfukuza kwa ubaya, niseme kweli. Alitaka kujenga, na katikati ya kiwanja chake lilikuwepo tela la dada, limekaa pale miaka mingi mpaka kuku wa majirani walikuwa wanataga chini yake.

Nikisema tela usidhani lile la kubebea matofali. Hili ni la kuishi ndani, kama yale ambayo wageni huvuta nyuma ya gari wakizunguka nchi. Lina kitanda, meza ya kukunja, kabati, dirisha lenye pazia. Shemeji yangu alikuwa mpishi wa kambi za watalii, na tajiri wake alipofunga biashara akamwachia tela hilo kama asante. Wakahamia humo wawili, wakalea watoto humo, watoto wakakua wakaenda Dar. Shemeji akafariki. Dada akabaki na cherehani yake dirishani, anashona sare za shule na magauni ya kitenge, na wateja wanasimama nje kama dukani.

Nilimwambia apange chumba. Mimi ndiye mkubwa wake kwa miaka mitatu na nilidhani hiyo inanipa haki ya kumshauri.

"Kaka," akasema, sindano iko mdomoni, "nikipanga, mwenye chumba naye akitaka kujenga nitahamia wapi? Mimi nimechoka kuondolewa. Nataka kurudi nyumbani."

Nyumbani ni Uru, juu mlimani, kihambani kwa baba, shamba la ukoo, kwenye migomba na kahawa tulikozaliwa. Na hapo ndipo palipokuwa na shida, kwa sababu kwetu kihamba ni cha wana wa kiume. Sisemi ni vizuri, nasema ndivyo tulivyokuta. Mwana wa kwanza anakatiwa upande wake, wa mwisho anabaki na nyumba ya baba. Mimi ni wa kwanza. Mdogo wetu wa mwisho ndiye anakaa kwenye nyumba ya baba, na migomba yetu inagusana. Binti anaolewa, anakwenda kwa mumewe. Akirudi anapewa chai, anapewa ndizi za kubeba, lakini msingi hachimbi.

Tukaitisha kikao sebuleni kwangu. Alikuja mdogo wetu, akaja na baba mdogo, ambaye ndiye pekee aliyebaki wa rika la baba yetu na neno lake ndilo la mwisho. Mke wangu akaweka mbege, pombe yetu ya ndizi, mezani. Dada alikaa karibu na mlango, amevaa gauni zuri kuliko sisi wote.

Mdogo wetu akaanza. "Dada tunampenda. Lakini leo akijenga chumba kimoja, kesho watoto wake wanakuja na karatasi. Mwanamke hajengi kihambani."

"Nani kakwambia najenga?" dada akasema.

"Si unataka kuhamia?"

"Nahamia. Sijengi. Naegesha."

Halafu baba mdogo akaanza kucheka, akacheka mpaka mbege ikamwagika kwenye shati. Akamwambia mke wangu amletee kitambaa, akajifuta polepole, na alipomaliza kujifuta alikuwa amekwisha kuamua.

"Kaka yako ana gari limesimama chini ya mparachichi," akamwambia mdogo wetu. "Umewahi kumwambia gari lake limejenga?"

"Hapana, baba mdogo."

"Basi. Likija kwa matairi yake yenyewe mpaka lilipokaa, ni gari. Sina kesi na gari. Lakini," akamgeukia dada na kidole, "mkilivunja mkaleta mabati na mbao kwa lori, halafu mkaunganisha hapa, huko ni kujenga. Na mkilibeba mgongoni mwa lori, huo ni mzigo umeshushwa kihambani, na sijui tutauitaje. Kwa matairi yake. Nimesema."

Mdogo wetu akatabasamu. Nilijua anachowaza. Barabara ya kwetu anaijua.

Gari langu ni Landrover ya zamani, fupi, iliyonifikisha huu uzee. Niliinunua ikiwa imekufa, na mambo ya magari nimeyajua kwa kuyashika, si kwa kusoma. Shule niliishia darasa la tatu. Nikawa utingo kwenye lori la kahawa, kazi yangu kuweka jiwe nyuma ya tairi likisimama mlimani. Niliweka mawe miaka sita kabla hawajaniruhusu kushika usukani. Siku ya kwanza kuendesha nilisahau kwamba sasa jiwe anaweka mtu mwingine, nikaruka nje na usukani nikauacha wenyewe. Hiyo ni habari nyingine, na mwenye lori amekwisha kunisamehe.

Nilimwambia dada nitalivuta mwenyewe. Nikatafuta goroli ya kuvutia, ile ya chuma, kubwa kama ngumi, inayofungwa nyuma ya gari, na kikombe cha shingo ya tela kinakaa juu yake. Fundi mmoja wa kuchomelea, mwenye karakana jirani na kiwanja cha Soweto, mtu mzima mwenye utani, akaifunga moja kwa moja kwenye bampa. Akaniuliza, "Mzee, umepima kimo?" Nikamwambia tunapanda mlima, pua ya tela ikiwa juu ndiyo vizuri. Kila mtu Uru angekwambia hivyo. Mtu akipanda na mzigo anainua kichwa.

Tukalijaribu palepale Soweto. Landrover iko juu, tela liko chini, kwa hiyo tulipokwisha kulifunga tela lilikaa kama mbwa anayenusa nyama juu ya meza. Nyuma yake ikakaribia ardhi. Nilitembea nalo mitaa miwili. Kwenye tuta la kwanza likakwangua mkia, sauti yake nilidhani tumeliacha nusu. Nilipoongeza mwendo kidogo likaanza kuyumba, kushoto, kulia, kushoto, na likinivuta na mimi. Gari likawa jepesi nyuma, kama linatembea kwa ncha za vidole. Nikarudi taratibu, jasho limejaa shingoni.

Dada alikuwa amesimama barabarani na futi yake ya kushonea shingoni.

"Kaka, umeipeleka nyumba yangu kucheza ngoma?"

Nilichokosea ni hiki, nakieleza kwa sababu wapo wengi wanaovuta matela ya ndizi na ya mchanga na hawajui. Pua ikiwa juu, uzito wote unakimbilia nyuma. Shingo haiegemei gari, inalinyanyua. Gari halina nguvu juu ya tela, na tela linafanya linavyotaka. Pua ikiwa chini mno, ni kinyume, tela linalikandamiza gari nyuma, mbele inapanda, breki zinakuwa za matumaini. Inatakiwa tela likae sawa, na shingo iegemee gari kidogo, kama mtu aliyeweka mkono begani kwa mwenzake.

Sasa ningejua hilo mapema! Nililijua baada ya kukosea mara ya pili.

Siku ile nilirudi Uru na hasira. Mdogo wetu alikuwa kwenye migomba yake, akaniita kutoka ng'ambo, "Mkubwa, limefika wapi?" Niliingia ndani nikatoa tepu. Nilikuwa nimepima kikombe cha tela kule Soweto, tela likiwa limekaa sawa: inchi kumi na saba kutoka ardhini. Nikapima goroli ya gari uani kwangu. Inchi ishirini na saba. Nikatoa moja kwa nyingine kwa vidole, nikapata kumi. Nikamwagiza fundi bamba la chuma la kushusha goroli inchi kumi, na nikajisifu njia nzima.

Bamba likafungwa. Tukashusha kikombe kwenye goroli, na tela likainama mbele kama muumini anayesujudu. Taa za Landrover zikawa zinatazama juu, zingemulika ndege.

Fundi akazunguka gari mara mbili. Akachuchumaa. "Mzee wangu, goroli ulipimia wapi?"

"Nyumbani. Uani."

"Uani Uru?"

"Kwani kuna ua mwingine? Ni tambarare kabisa. Nimeishi pale miaka yote."

Fundi akacheka akashika goti. "Mzee, nyie kwenu hata chai kwenye kikombe inakaa upande! Tambarare ya Uru mtu akiangusha limau analiokota Moshi mjini."

Nilitaka kukasirika nikashindwa, kwa sababu palepale nikakumbuka ua wangu. Mvua ikinyesha maji yanakimbilia nyuma ya pale ninapoegesha gari na yamechimba. Matairi ya nyuma yako juu ya ukingo, goroli imening'inia juu ya bonde. Nimepita hapo kila siku na macho yangu yamesema ni sawa. Ndivyo macho ya mtu wa mlimani yalivyo. Baba yetu alikuwa mtu wa mifereji, alikuwa anapitisha maji ya kumwagilia ubavuni mwa mlima, na alikuwa akisema wazi kwamba yeye hayaamini macho yake, anaamini maji. Akichimba hatua chache, anafungulia maji kidogo, anatazama yanakwenda wapi, ndipo achimbe tena. Mimi mwanawe mkubwa nilikuwa nimeamini ua.

"Leta mpira wa maji," nikamwambia fundi.

Waashi wanaujua. Ni mpira mwembamba unaopitisha mwanga, unajaza maji, mtu mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, na maji yanasimama kimo kimoja pande zote mbili hata kama ardhi inadanganya. Tulihamia, gari na tela, kwenye sakafu ya zege ya karakana, na tukaikagua yenyewe kwanza kwa maji kabla ya kuiamini. Hapo tukatoa bamba, tukarudisha goroli kwenye bampa, nayo ilikuwa inchi ishirini na nne. Kwa hiyo ilitakiwa kushuka saba, si kumi.

"Saba," nikasema.

"Ngoja," dada akasema. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya tela lake na hakuna aliyemuuliza. "Hiyo saba ni gari likiwa tupu. Mimi nakwenda na nguo moja? Cherehani yangu iko ndani, vyombo, mahindi, vitambaa vya watu. Shingo ikikandamiza gari, gari halitashuka?"

Fundi akanitazama. Nami nikamtazama fundi.

"Mama angekuwa fundi," akasema.

"Ni fundi," nikasema. "Wewe unachomelea, yeye anashona."

Tukapakia kila kitu kwanza, kama safari ni siku hiyo. Hapo tukagombana, mimi na dada, kwa sababu alitaka cherehani ikae nyuma karibu na kitanda, ilipokaa siku zote. Ni ile ya miguu, chuma kitupu, nzito kama ndama. Nikamwambia ikikaa nyuma itainua shingo na tutacheza ngoma tena. Akasema haijawahi kuondoka pale tangu mumewe aiweke kwa mikono yake. Nilikaa kitandani kwake, naye akakaa. Baadaye yeye mwenyewe akainuka, akaishika upande mmoja, akasema, "Shika basi." Tukaiweka juu ya ekseli, mbele kidogo. Mahindi tukayalaza sakafuni karibu nayo. Vitambaa ndivyo vikaenda nyuma.

Mizigo ilipokaa, gari lilishuka inchi mbili. Kwa hiyo goroli ilitakiwa kushushwa tano tu, na mzigo wenyewe umalizie mbili zilizobaki. Fundi alitengeneza bamba lingine lenye matundu matano yaliyopangana juu kwa chini, ili tuipandishe au tuishushe goroli kwa kufungua bolti mbili. Tukafunga tundu la tatu. Dada akaingia ndani, akafungua mlango wa kabati nusu, akauachia. Mlango ukabaki ulipoachwa, haukwenda mbele wala nyuma.

"Imekaa," akasema kutoka ndani. "Msiguse tena."

Fundi alitaka tuondoke kesho yake. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na yeye Ijumaa anafunga karakana mapema, lakini alitaka kutuona tukitoka. Alikuja asubuhi amevaa kanzu tayari, akakaza bolti kwa spana huku kanzu ameikunja kiunoni. Akafunga mnyororo wa akiba kati ya shingo na gari, akaupiga teke kuujaribu.

"Nendeni. Mkifika salama mniletee ndizi. Msipofika, msiniletee kitu."

Dada alikaa pembeni yangu. Tulitoka Soweto polepole, na tuta lilelile lililotukwangua tukalipita bila sauti. Kwenye lami nikaongeza mwendo kidogo, nikasubiri usukani uniambie. Haukusema kitu. Tela lilikuja nyuma kama ng'ombe anayejua anapopelekwa. Nikageuza kioo nilione. Dada akasema, "Tazama mbele, kaka. Nyumba yangu naitazama mimi."

Lami iliisha, tukaingia udongo. Kuna kona pale kwetu ambayo lori la kahawa lilikuwa likiipanda kwa awamu tatu, na hiyo nilikuwa nimeiota usiku mbili. Niliichukua kwa gia ya kwanza, kwa upana wote wa barabara, na wanawake waliotoka sokoni walibana kwenye ukingo na kushangilia. Mmoja akamwita dada, "Mama, umehama na pazia?" Dada akatoa mkono dirishani kama waziri.

Shida ilitungoja mlangoni. Kuingia kihambani kwangu unavuka mfereji, ule aliochimba baba, na juu yake kuna kidaraja cha magogo na udongo. Landrover ikapita. Tairi la kulia la tela likapita ukingoni mwa magogo, udongo ukamomonyoka, likazama mpaka ringi. Nikasimama.

Watu walikuwa wameshajaa. Baba mdogo alikuwa ameletewa kiti, amekaa chini ya migomba na fimbo yake. Mdogo wetu alikuwa amesimama kwake, mikono kifuani. Vijana watano wakaja mbio wameshakunja mashati, wakaweka mabega nyuma ya tela.

"Haya!" mdogo wetu akaita. "Wakilinyanyua wamelibeba. Baba mdogo, ulisema kwa matairi yake."

Watu wote wakamgeukia mzee. Aliwaza, akachora kitu ardhini kwa fimbo. "Nilisema," akajibu, na niliona hakupenda kujibu hivyo.

Dada alikwisha kushuka. Alikwenda nyuma ya tela na futi yake bado shingoni. "Ondokeni," akawaambia vijana. "Mtu asiguse nyumba yangu. Hata kidole."

Akaja dirishani kwangu. Hakupaza sauti. "Litatoka?"

Nilishuka nikatazama. Tela lilikuwa limeinama upande, lakini shingo bado ilikuwa imekaa vizuri, imeegemea gari. Matairi ya nyuma ya Landrover yalikuwa yamekanyaga ardhi ngumu na yamebonyea kwa uzito. Hapo ndipo nilipofahamu maana ya kazi yote ile ya inchi. Kwa ile goroli ya kwanza, tela lingekuwa limeninyanyua nyuma, na matairi yangu yangezunguka bure mpaka jioni. Sasa uzito wa cherehani na mahindi ulikuwa juu ya matairi yangu, ukiyabana chini.

"Litatoka," nikasema.

Nikaingiza gia ndogo, ile ya milimani. Nikaachia klachi kidogo kidogo. Gari likavuta. Likasimama. Tairi moja likazunguka nusu, harufu ya mpira ikaja, halafu likashika. Nilihisi kwenye kiti changu tela linavyopanda ukingo, polepole, likikataa, likikubali. Vyombo vikalia ndani. Kisha likajirusha kidogo na magogo yakabaki nyuma yetu.

Sikusimama mpaka tulipofika kwenye nafasi tuliyoisafisha kati ya migomba. Nikazima. Dada alikuja akitembea nyuma ya tela, hakukimbia. Nilifungua kikombe, nikateremsha mguu wa mbele wa tela, nikaweka mawe kwenye matairi kama nilivyofundishwa utingoni. Nikaondoa gari.

Baba mdogo alinyanyuka. Akazunguka tela lote, akainama akachungulia chini, akalipiga kila tairi kwa fimbo. Alichukua muda.

"Ni gari," akasema. "Karibu nyumbani, mwanangu."

Dada akamwinamia, akampa shikamoo kwa mikono miwili.

Mdogo wetu alikuja mpaka mpakani, kwenye masale, mimea yetu ya kuweka mipaka. Hakuvuka. Alitazama pazia, akatazama matairi, ambayo yalikuwa ya zamani na nyufa zake zinaonekana.

"Na upepo ukiisha?" akauliza. "Likikaa kwa ringi mwaka mzima, litakuwa gari bado?"

"Nitajaza," dada akasema.

Na anajaza. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kufungua dirisha la kushonea, anatoa pampu ya mguu, anaanza na tairi la upande wa mdogo wetu, anakanyaga mpaka watu wote wa mtaa wa juu wamesikia. Nimeyapima matairi mara nyingi, upepo huwa haujapungua hata kidogo.